Theluji ya Norway ina wachoraji. Mafuriko ya Rufiji yana nani?

Mwaka 1995 Wanorway waliulizwa mchoro gani unaiwakilisha nchi yao. Waliuchagua wa Harald Sohlberg, wa mwaka 1914: milima ya Rondane usiku, imefunikwa na theluji. Baridi inayowatesa kila mwaka ndiyo waliyoichagua iwe sura yao.

Sasa njoo Rufiji na Kibiti.

Aprili 2024 mto ulifurika, nyumba na mashamba vikaingia majini. Kwenye simu zilisambaa picha za mapaa yanayochungulia majini na watu kwenye mitumbwi. Maji yalipopungua, na picha zikakoma.

Nusu ya habari

Picha hizo ni za kweli, ila zinasema nusu tu. Kwa vizazi vingi, mafuriko ya kiasi ndiyo yaliyoleta tope lenye rutuba. Maji yakishuka, wakulima hupanda kwa unyevu uliobaki. Hicho ndicho kilimo cha mlao. Shambani husimama dungu, kibanda juu ya nguzo ambako mwenye shamba hukaa kulinda mpunga wake.

Ndiyo maana Serikali ilipowahamishia watu miinukoni baada ya mafuriko ya 1968, wengi waliendelea kushuka bondeni kulima.

Brashi hufuata mnunuzi

Mwaka huohuo wa 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli. Wateja wake wengi walikuwa wageni. Hadi leo, ukipita kwenye maduka ya michoro Oysterbay au Mwenge, utakutana na tembo, twiga na Kilimanjaro yenye kofia nyeupe. Mtalii anataka hivyo, na mchoraji naye ana familia ya kulisha. Dungu halina mtalii.

Kwa nini sasa?

Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Tangu hapo, maji yanayoshuka bondeni yanategemea pia milango ya bwawa, siyo mvua peke yake.

Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini hata ikiisha, itabaki kwenye maelfu ya michoro. Mlao hauna akiba kama hiyo.

Hili si suala la urembo wa ukutani. Anayeijua Rufiji kwa picha za maafa tu ataona kazi ya bwawa ni kuzuia maji, basi. Mkulima wa mlao anahitaji yafike, kwa kiasi na kwa wakati wake.

Chuo cha sanaa cha TaSUBa kipo Bagamoyo, mkoa uleule wa Pwani. Wachoraji hawako mbali. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaagiza wachore bonde.