Mtihani wa LPN Haukaririwi

Waswahili wengi hapa Marekani wameanzia kazi za usaidizi katika nyumba za kutunza wazee, kisha wakajisomea uuguzi usiku na wikendi. Kozi ya LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni (LVN kwa walio Texas na California), huchukua takriban mwaka mmoja. Ikiisha, unabaki mtihani wa NCLEX-PN, na bila kuupita leseni haitoki.

Tatizo ni namna watu wetu wanavyojiandaa. Wanakariri. Wengine hununua kwenye simu maswali yanayodaiwa kuvuja. Huo ni utapeli mtupu: kompyuta humchagulia kila mtahiniwa maswali kulingana na anavyojibu. Na tangu Aprili 2023 mtihani una visa: mgonjwa mmoja, faili lake, vipimo vya maabara, kisha maswali sita mfululizo. Dalili zipi ni za kutiliwa maanani? Zinaashiria nini? Lipi lifanywe kwanza? Amepata nafuu? Hapo anayekariri hana pa kushika.

Wapo wanaoangushwa na uzoefu wao wenyewe. Aliyekuwa muuguzi kamili Nairobi au Dar es Salaam, akiendesha wodi peke yake usiku kucha, hujibu alivyozoea. Lakini hapa anaulizwa kama LPN, anayefanya kazi chini ya muuguzi aliyesajiliwa. Mgonjwa ametoka kupasuliwa sasa hivi? Tathmini ya kwanza si yako. Mwenye kisukari ametulia, anangoja insulini yake ya kila siku? Huyo ni wako. Msaidizi wa nyumba ya wazee naye ana kasoro iliyo kinyume: kila hali ikibadilika amezoea kumwita nesi, na sasa nesi ni yeye. Mzee akianza kuhema kwa shida, mara nyingi jibu la kwanza si kumpigia daktari. Mkalishe wima, mpime oksijeni, ndipo utoe taarifa.

Kwa hiyo fanya maswali machache kila siku, na usiliache swali mpaka ujue kwa nini majibu uliyoyakataa hayafai. Ni kazi ya polepole, na inachosha. Siku ya mtihani una saa tano na maswali kati ya 85 na 150, wala huruhusiwi kurudi nyuma. Likipita la 85 usivunjike moyo, maana kompyuta bado haijaamua. Ukianguka, utangoja angalau siku 45 na kulipa tena dola 200 za usajili, ila utapewa ripoti inayoonyesha ulipopungukiwa. Isome hiyo kabla ya kununua kitabu kingine.

Kufikiri kunataka usingizi, na anayetoka zamu mbili mfululizo hana usingizi. Familia ziache kumhesabia mtahiniwa saa za ziada ili kodi ya nyumba itimie, na jamaa walioko nyumbani waambiwe mapema kwamba kwa miezi miwili pesa zitapungua. Vyama vyetu huchangia mazishi, harusi na mahafali kwa moyo mkunjufu. Tunavitaka vitenge pia fungu la kuwafidia watahiniwa zamu wanazoziacha katika wiki nne za mwisho kabla ya mtihani.