Binti Aliyeanza kwa Nyimbo za Wengine



Juma lililopita, kikao kilipokwisha na mafranga ya likelemba yamehesabiwa, mama mmoja kati yetu alibaki kwenye kiti. Alituambia kwamba binti yake wa miaka 17 anaimba vizuri, lakini hana wimbo wake hata mmoja. Anaimba tu zile anazosikia kwenye redio na kwenye simu. Katika mtaa wanamcheka, wanamwita kasuku. Mama akauliza: tumwache aendelee, ao tumwambie ashike cherehani?

Siku ile hatukumjibu. Leo tunamjibu kwa habari ya binti mwingine, wa mbali.

Olivia Newton-John alizaliwa mwaka 1948 huko Cambridge, Uingereza, akakulia Melbourne, Australia. Wazazi wake waliachana angali mtoto, akabaki na mama yake. Akiwa bado kijana alishinda mashindano ya kuimba ya televisheni. Zawadi ilikuwa safari ya kwenda Uingereza. Hakuwa na haraka ya kwenda, maana alikuwa na mpenzi wake Australia. Mama yake ndiye aliyemsukuma, tena akafuatana naye. Walipofika, binti akawa anapanga safari ya kurudi nyumbani, na kila mara mama alikuwa anaifuta.

Hapo sisi wenyewe tulibishana. Wengine walisema mama yule aliona mbali. Wengine walisema alimfunga mtoto. Tunafikiri wote wana sehemu ya ukweli: mama anaweza kushika mlango usifungwe, lakini kutembea ni kazi ya mtoto. Na mama huyu hakumtuma binti peke yake kwa watu asiowajua. Alikwenda naye.

Mafanikio hayakuja upesi. Wimbo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1966, haukuvuma. Ni mwaka 1971 tu ndipo albamu yake ya kwanza ilitoka. Na je, ilikuwa na nini ndani? Karibu nyimbo zote zilikuwa za watu wengine! Ule uliompa jina, "If Not for You", uliandikwa na Bob Dylan, na George Harrison naye alikuwa ameshauimba. Nyingine zilikuwa za Kris Kristofferson na Gordon Lightfoot. Dunia ilikuwa imezisikia tayari. Lakini ilipozisikia kwa sauti yake nyororo, ilisikiliza tena.

Katika zile kulikuwa na wimbo wa zamani sana wa Marekani, "Banks of the Ohio". Ni habari ya mwanaume anayemuua mpenzi wake kando ya mto kwa sababu amekataa kuolewa naye. Olivia aliugeuza, akaimba kama mwanamke aliyeshika kisu. Hatusifu kisu, cha mwanaume wala cha mwanamke. Lakini ona: neno dogo tu lilibadilika, na wanaosikiliza wakafikiri upya. Kwa hiyo kuimba wimbo wa mwingine si lazima kuwa kasuku.

Sisi wenye kushona tunajua jambo hili. Nani kati yetu alianza na modeli yake mwenyewe? Tulifungua nguo ya fundi, tukafuata alama zake, tukaharibu kitenge kimoja ao viwili. Ndipo mkono ukapata mwendo wake.

Kelele pia zilikuja. Mwaka 1974 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilimchagua mwimbaji bora wa kike. Waimbaji wengine walikasirika, wakisema huyu ni wa pop, tena mgeni, anaingia shamba la wenyewe. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1978 filamu "Grease" ilimfanya ajulikane dunia nzima.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatuhusu sisi wote. Mwaka 1992 aligunduliwa kuwa na kansa ya ziwa. Hakuificha. Aliwaambia wanawake wajichunguze, na huko Melbourne kuna kituo cha kutunza wagonjwa wa kansa chenye jina lake. Alifariki tarehe 8 Agosti 2022, miaka 30 baada ya habari ile ya kwanza. Mama, ukisikia kivimbe kwenye ziwa ao kwapani, ukiona ngozi imevutwa ndani, ao chuchu inatoa damu, nenda kituo cha afya. Usingoje kiume. Mara nyingi mwanzoni hakiumi.

Sasa tumjibu mwenzetu. Mama, mwache binti aimbe. Mfundishe kutaja jina la mwenye wimbo kila mara, maana jasho la mtu linaheshimiwa. Ashike na cherehani pia. Mikono miwili haigombani. Akiitwa kuimba mahali, usimtume usiku peke yake. Fuatana naye, ao mwombe shangazi yake.

Na kwa kikao kijacho tunaomba aje naye. Tutamsikiliza wimbo mmoja wa mwingine, kisha tutamuuliza: wewe, ungebadilisha neno gani?

Tutaonana juma lijalo.