Rangi ya kwanza ya gari la kale ni mali, isikwanguliwe ovyo

Mwenye Peugeot 404 iliyofifia rangi akifika gereji, ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja: kwangua yote, puliza upya. Ushauri huo humpatia fundi kazi, lakini waweza kumpunguzia mwenye gari thamani ya mali yake. Aina hiyo ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na wapenzi wa magari ya kale huthamini lile lenye rangi ya kiwandani. Rangi hiyo ikishatolewa hairudi.

Weupe kama vumbi la chaki kwenye boneti si lazima uwe mwisho wa rangi. Magari mengi ya zamani hayakuwa na tabaka angavu juu ya rangi. Jua huharibu sehemu ya juu, na chini yake rangi huweza kuwa nzima.

Tiba yake haihitaji mtaji mkubwa. Gari lioshwe na kukaushwa, kisha polishi laini ijaribiwe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hilo ni jambo la kawaida. Kingo zisisuguliwe kwa nguvu, maana hapo rangi ni nyembamba. Mwisho ipakwe nta, na gari lilazwe kivulini.

Hata hivyo, kila msuguo hula akiba isiyojazwa tena. Mwenye mali apige hesabu kabla ya kumruhusu fundi kushika msasa.