Bei ya Gari la Spoti Haishushwi kwa Ulimi

Bei ya gari la spoti nchini Kenya huwa imeshaamuliwa, kwa sehemu kubwa, kabla mnunuzi hajakanyaga yadi. Huamuliwa kiwandani, huamuliwa na thamani ya shilingi siku fedha zinapotumwa nje, huamuliwa na ukubwa wa injini, na huamuliwa na Mamlaka ya Mapato (KRA) bandarini Mombasa. Hata hivyo Iguhu, kama kwingineko Kakamega, imekita mizizi imani kwamba bei nzuri ni ya mwenye maneno. Kijana akipata kazi Nairobi, au akirudi kutoka Ghuba na akiba yake, na akitaka Subaru ya kufikia nayo nyumbani Desemba, shauri la kwanza analopewa ni kumtafuta mtu anayejua kupatana. Huyo ndiye atakayekabiliana na muuzaji, ataje kasoro za gari, ajifanye anaondoka, aitwe arudi, na mwishowe shilingi 100,000 zipunguzwe. Wote hurudi wakiamini wameshinda. Imani hiyo ni potofu, na inawagharimu watu fedha walizozitolea jasho.

Chanzo chake kinaeleweka. Idakho na Isukha, za huko huko Kakamega, ni nchi ya mafahali wa kupigana, na huko kununua fahali ni kazi ya ulimi kweli. Mnunuzi amemwona akipigana, analijua boma alikozaliwa, anamshika shingo na kumtazama kwato. Anachokijua muuzaji, mnunuzi naye anakijua au anaweza kuuliza jirani. Hakuna ushuru wa bandari ndani ya bei hiyo, hakuna riba ya benki, hakuna dola. Bei iko kati ya vinywa viwili, na mwenye subira hushinda.

Gari halina hata moja kati ya masharti hayo. Muuzaji anajua lilikonunuliwa, liligongwa au halikugongwa, mita yake ilisomaje lilipotoka Japani. Mnunuzi huona rangi inayong'aa na matairi yaliyopakwa dawa. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akaonyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa gari na mnunuzi asiujue, magari mabovu huyafukuza mazuri sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotuzwa Nobeli ya uchumi kwa utafiti wa masoko ya namna hiyo. Dawa katika soko kama hilo ni kupata habari aliyonayo muuzaji, wala maneno mengi hayaileti.

Sehemu nzito kuliko zote katika bei ni kodi, na hapo ulimi haufiki kabisa. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, gari la petroli lenye injini inayozidi cc 1,500 na lisilozidi cc 3,000 hutozwa hivi. KRA ikilikadiria gari hilo thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni shilingi 350,000. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 25 hadi kilipopandishwa Julai 2023. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao ni 337,500. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya yote hayo: 270,000. Kisha huja ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2, ambazo kwa pamoja ni 45,000. Jumla ya kodi ni shilingi 1,002,500. Nusu ya fedha zilizolipwa hadi gari linapotoka bandarini, na zaidi kidogo, ni ya serikali. Muuzaji hawezi kumpunguzia mteja shilingi ambayo si yake.

Yapo magari yaliyotumika ambayo mnunuzi huyaagiza mwenyewe moja kwa moja kutoka Japani, na hapa imani ya maneno huumiza kwa namna nyingine. Mtu hukesha akiandikiana na muuzaji wa Yokohama mpaka apunguziwe dola 500, akidhani na ushuru utashuka kwa kadiri hiyo. Haushuki. Kwa magari yaliyotumika KRA haiifuati bei ya ankara. Hufuata orodha yake ya bei za rejareja, ijulikanayo kama CRSP, kisha hupunguza thamani kulingana na umri wa gari. Waliolipa dola 9,000 na waliolipa dola 9,500 kwa gari la aina moja, la mwaka ule ule, hutozwa kodi ile ile.

Kinachoibadilisha kodi ni uchaguzi wa gari, jambo linalofanywa kimya kimya kabla ya kuongea na yeyote. Injini isiyozidi cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na kwa thamani ile ile ya shilingi 1,000,000 jumla ya kodi huwa 924,200. Injini ya petroli inayozidi cc 3,000 hutozwa asilimia 35, na jumla hupanda hadi 1,159,100. Kwa hiyo Suzuki Swift Sport ya kizazi kilichoanza 2017, ambayo turbo yake iko kwenye injini isiyofika cc 1,400, iko katika daraja la chini, ilhali Toyota GR Yaris yenye cc 1,618 imevuka mpaka kwa cc 118 tu. Tofauti ya madaraja hayo mawili ni shilingi 78,300 kwa kila milioni ya thamani ya forodha. Kiasi hicho kinakaribia laki moja ya mpatanishi, na aliyechagua vizuri amekipata bila kufungua mdomo.

Thamani ya shilingi nayo ina nguvu kuliko mpatanishi yeyote. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 160. Kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Gari la dola 10,000 lililogharimu shilingi 1,600,000 kufikishwa Mombasa lilipatikana, miezi mitatu baadaye, kwa shilingi 1,300,000 kabla ya kodi. Aliyenunua Januari kwa haraka ya kuonekana na aliyesubiri walitofautiana kwa shilingi 300,000, na kati yao hakuna aliyemshinda mwenzake kwa ufasaha.

Uhaba pia hauna sikio. Subaru ilipata jina Kenya kwa Safari Rally, ambamo Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na hadi leo WRX STI ndilo gari la spoti linalotajwa kwanza na vijana wa Magharibi mwa Kenya. Lakini uundaji wa STI kwa soko la Japani ulikoma kati ya mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, na Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tangu Januari 2026 mpaka ni magari ya 2019 na kuendelea, na sheria isipobadilika, mwaka unaofuata mpaka utasogea hadi 2020. Muuzaji mwenye STI safi anajua kwamba idadi yao haitaongezeka. Akikataa kushusha bei ana sababu, na akiishusha kwa haraka mnunuzi anapaswa kujiuliza kwa nini.

Watetezi wa ulimi husema kwamba hata kama kodi haiguswi, faida ya muuzaji inaguswa. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao ilipo na nguvu kidogo. Lakini ushahidi unaonyesha kwamba hata hapo maneno si kitu kinachoamua. Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti uliofanywa kwa wauzaji wa magari mapya eneo la Chicago. Waliwatuma watu waliofunzwa kupatana kwa namna moja, kwa maneno yale yale yaliyoandikwa, wakiwa wamevaa vivyo hivyo, zaidi ya mara 300. Wanaume weusi walitajiwa bei ya mwisho iliyopita ile ya wanaume weupe kwa dola zaidi ya 1,000, na wanawake weusi nao walitajiwa zaidi. Mbinu ilikuwa moja, bei zikawa tofauti. Muuzaji humpima mteja kabla hajasalimiwa. Kwenye yadi za Kisumu na Nairobi anayepimwa ni yule aliyefika na begi la uwanja wa ndege, anayeongea habari za Doha, aliyesema kwamba lazima gari lifike Iguhu kabla ya Krismasi. Kwa sentensi hiyo moja ameshaitaja bei yake, na mjomba aliyekuja kumsemea hana tena cha kupatania.

Mahali pabaya zaidi ambapo imani hii huwaangamiza watu ni kwenye mkopo. Mnunuzi hutumia saa nzima kupunguziwa shilingi 100,000, kisha hutia sahihi karatasi za mkopo kwa dakika chache kwa sababu ameridhika na bei. Tuseme amekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 4. Riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, atalipa karibu shilingi 56,700 kila mwezi, na riba yote itakuwa kama shilingi 720,000. Riba hiyo hiyo ya asilimia 16 ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwaka bila kujali alichokwisha kulipa, riba itakuwa 1,280,000 na malipo ya mwezi yatapita 68,300. Asilimia ni moja, lakini pengo ni karibu shilingi 560,000. Swali moja, yaani riba inahesabiwa juu ya nini, lina thamani zaidi ya mara tano ya ushindi wa saa nzima yadini. Vijana wa boda boda wa Iguhu wanaijua hesabu hii kwa uchungu: wengi wamechukua pikipiki kwa malipo ya kila siku wakatazama tu kama kiasi cha siku kinawezekana, bila kujumlisha siku zote hadi mwisho. Kosa hilo hilo hufanywa na wenye mishahara, ila kwa tarakimu kubwa zaidi.

Baada ya mkopo huja bima. Benki inayoshikilia logibuku hudai bima kubwa, nayo hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari kila mwaka. Gari la spoti lenye turbo mara nyingi hutozwa zaidi, na kampuni nyingine hulikataa. Bei ya bima iulizwe kabla ya kulipa amana.

Barabara nayo ni sehemu ya bei, hata kama haimo kwenye ankara. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na njia nyingi zinazoingia vijijini kutoka Iguhu ni za udongo unaoteleza na kuchimbika. Gari lililoinuka sentimita 13 hivi kutoka ardhini, kama Subaru BRZ au Toyota GR86, litagusa tumbo kwenye matuta na mashimo. Anayelipenda alinunue, maana kupenda gari si kosa. Ila aweke fedha za kulitengeneza katika hesabu yake ya kwanza.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta bei nzuri hufanywa kwa karatasi. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huwa na hati ya mnada inayoonyesha daraja lake, kilomita lilizotembea na alama za mikwaruzo na mibonyeo. Herufi R mahali pa daraja huashiria kwamba liligongwa likatengenezwa. Kilomita za hati hiyo zilinganishwe na mita ya gari. Lililokwisha sajiliwa Kenya litafutwe katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ili ijulikane mwenyewe ni nani na kama lina deni la benki. Gari likaguliwe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi na kulipwa naye, asiyepata chochote mauzo yakifanikiwa. Iguhu haina uhaba wa watu wa namna hiyo, kwani chuo cha ufundi cha Sigalagala kiko jirani. Ada ya fundi ni ndogo sana mbele ya injini ya turbo iliyochoka, na ripoti yake hushusha bei kwa haki kuliko kilio chochote cha kwamba mtu hana fedha.

Bei ilinganishwe kwa jumla yake: gari, kodi, usajili, riba yote hadi siku ya mwisho, bima ya mwaka wa kwanza. Jumla hiyo iombwe kwa maandishi kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, kwa simu au barua pepe, kabla ya kusafiri. Anayelipwa kamisheni na yadi asipewe kazi ya kumsemea mnunuzi, hata akiwa ndugu.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kuomba hati ya mnada, hesabu ya kodi na jedwali la malipo ya mkopo ni kudai haki hiyo, si kumkosea muuzaji adabu. Muuzaji asiyetaka kuzionyesha aachiwe gari lake, hata kama amekubali kupunguza laki moja.