MLEVI AKIUGUA, NANI ALIPE?



Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiisha kutoka, neno hili huzuka katika mashamba ya mahindi ya Kitale na ya miwa upande wa Bungoma: mtu aliyekunywa hata akaangukia hospitali, atibiwe kwa fedha za nani? Wako wenzetu wasemao, "Alikunywa peke yake, na alipe peke yake."

Neno lao si la kudharauliwa. Tangu Oktoba 2024 kila mfanyakazi wa mshahara hukatwa 2.75 kwa mia kwa bima ya afya ya SHA. Mwenye kupata shilingi 20,000 hukatwa 550 kila mwezi, na mwenye mshahara mdogo kabisa hakatwi chini ya 300. Asiyeonja pombe ana haki ya kuuliza fedha zake zaenda wapi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haiulizi alikunywa nini. Wenzetu hujibu, "Vema, atibiwe kwanza, adaiwe baadaye." Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hofu ya deni humzuia mgonjwa kabla hajafika mlangoni.

Tukumbuke chang'aa yenye sumu. Novemba 2000 iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014 pombe ya namna hiyo iliua tena watu wengi katika Embu, Kiambu na kwingineko. Sumu yenyewe ni methanoli. Aliyeinywa aweza kukaa nusu siku na zaidi akidhani ni uchovu wa pombe tu, kisha macho huingia ukungu. Dawa ya kuizuia ipo, na mashine ya kusafisha damu ipo, lakini daktari hana budi kujua mapema mgonjwa alikunywa nini. Mkimwambia kwamba akikiri pombe atalipishwa, atasema ana malaria. Atatibiwa malaria, naye atakufa.

Tena, nani atakayelipa kwa kweli? Mlevi hana kitu, mshahara ameumaliza kilabuni. Deni litamfuata mkewe. Litauza gunia la mahindi lililowekwa kwa chakula, na mtoto atarudishwa nyumbani kwa karo. Hawa hawakunywa hata tone.

Na nani atapima kosa? Mzee aliyeketi na wenzake kwenye chungu cha busaa, Agosti ya mwaka wa tohara, akajikwaa njiani na kuvunjika mguu, je, ni mlevi? Aliyekunywa kikombe kimoja akagongwa na bodaboda, je?

Sisi wafanyakazi tuliogope neno hili kuliko watu wote. Tukikubali leo kwamba mwenye kosa asitibiwe kwa mfuko wa wote, kesho mwenzetu atakatwa mkono na mashine, na tajiri atasema, "Alinuka pombe." Kesho kutwa atasema alisinzia, au hakuvaa viatu. Lawama ikiisha kuwekwa mlangoni mwa hospitali, anayelaumiwa kwanza ni mtu wa mshahara mdogo. Mfuko wa wote una nguvu kwa kuwa hauchagui.

Basi, je, pombe isilipiwe na mtu? La, ilipiwe, lakini palipo pake. Bia ya chupa hulipiwa ushuru tangu kiwandani. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni, ubora na chupa. Anayepika kwa siri na kutia sumu ndiye wa kushtakiwa, pamoja na mkubwa yeyote anayepokea kitu kidogo ili afumbe macho.

Na sisi matawini tuna kazi yetu. Tuwadai waajiri wampeleke mlevi akatibiwe ulevi wake kabla ya kumfukuza kazi. Tumwonye mwenzetu angali mzima, wala tusimcheke. Akianguka, tumpeleke hospitali upesi, na tumweleze daktari kweli yote.

Aliye kitandani atibiwe. Maonyo yatangoja apone.

Umoja ni nguvu.