Hita Katika Tangi la Samaki: Plagi Ichomolewe Kwanza

Mji wa Jinja umejulikana kwa mambo mawili: samaki na umeme. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki liliwekwa mjini humo, na mwaka 1954 likafunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Siku hizi mambo hayo mawili hukutana hata nyuma ya nyumba, ndani ya tangi dogo la kutotoleshea kambale.

Kazi hiyo huzifaa familia zenye nafasi ndogo. Lakini mayai ya kambale hutaka uvuguvugu. Katika maji ya digrii 26 hadi 28 huanguliwa baada ya siku moja hivi. Maji yakipoa huchelewa, na mengi hushikwa na kuvu. Mjini Mbale, chini ya Mlima Elgon, usiku huwa na baridi. Kwa hiyo mfugaji hutumia hita, yaani bomba jembamba la kioo lenye waya wa moto ndani yake, ambalo huzamishwa majini.

Hatari kubwa huja siku ya usafi. Achukuliwe kwa mfano mke wa askari, mumewe yuko zamu. Maji yamechafuka, na mara umeme unakatika.

"Mama, umeme umekwenda," asema mwanawe.

"Vema, mwanangu. Lete ndoo tusafishe upesi kabla haujarudi."

Hapo ndipo kosa lilipo. Umeme hauagi unapoondoka, wala haubishi hodi unaporudi. Plagi ingali ukutani, mikono imo majini, na miguu mitupu imekanyaga saruji iliyolowa. Ikiwa kioo cha hita kina ufa, umeme wa volti 240 utapita katika maji, uingie mwilini, na kushuka ardhini kupitia miguu. Nguvu hiyo yatosha kuusimamisha moyo.

Hata taa ndogo ya hita isiaminiwe. Taa hiyo huzimika joto linapotosha, lakini umeme ungali katika waya. Mtu akimimina maji ya baridi, hita huwaka tena yenyewe, mkono wake ukiwa ndani.

Liko na kosa la pili. Maji ndiyo yanayoipunguzia hita moto wake. Yakitolewa hita ingali inawaka, kioo hupata moto kupita kiasi. Na yakirudishwa yakiwa baridi, kioo hupasuka. Ufa mwembamba huenda usionekane, nao ndio mlango wa umeme.

Basi utaratibu uwe huu. Kwanza, mikono ikaushwe na plagi ichomolewe kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Pili, hita iachwe ndani ya maji kwa muda wa dakika 20 hadi 30 ipate kupoa. Tatu, ndipo maji yapunguzwe na tangi lisafishwe. Nne, hita ikaguliwe kioo na waya. Yenye ufa itupwe, wala isifungwe kwa utepe. Tano, maji mapya yenye joto linalokaribiana na la awali yajazwe mpaka yapite alama ya hita. Mwisho kabisa, plagi irudishwe kwa mkono mkavu. Waya nao uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni yasifike ukutani.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe. Swichi kuu ya nyumba izimwe kwanza, kisha apelekwe hospitali.

Kila askari hufundishwa kuitoa risasi bundukini kabla ya kuisafisha, hata akiamini kwamba haina kitu. Nidhamu hiyo hiyo na ifike kwenye tangi la samaki, na watoto wafundishwe. Vifaranga wakifa, mayai mengine yatapatikana. Mama wa nyumba hapatikani tena. Haraka haraka haina baraka.