Kipimo kikinyamaza, usiseme hewa ni safi



Zamani, katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege mudogo ndani ya kitundu. Ndege huyo alisikia sumu ya hewa mbele ya mutu. Akinyamaza na kuanguka, wote walijua: tutoke! Mwaka 1986 iliamuliwa ndege hao waondolewe, mashini zishike nafasi yao. Lakini usisahau fundisho lao: kimya kilikuwa ndiyo habari ya hatari.

Leo kuna vipimo vidogo vya hewa vinavyosema bila waya. Kila kimoja kina betri na radio ndogo. Mawe yanazuia mawimbi ya radio, kwa hiyo kila kipimo kinampa jirani yake habari, na jirani anamupa mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji wakati wa moto. Aliye juu anauliza: « Sumu iko wapi? » Ulizo linashuka, jibu linapanda.

Kazi hiyo ni nzuri. Lakini mitambo hiyo inajibu tu kile ilichoulizwa. Basi, tujue kuuliza.

Kwanza, tusidanganywe na hesabu ya katikati. Kutuma habari kwa radio kunakula betri sana. Ili kuilinda, mara nyingine vipimo vinachanganya majibu yao njiani na kutuma hesabu moja tu. Tuseme viko vipimo 10 vya monoksidi ya kaboni, ile hewa mbaya inayotoka katika moshi wa baruti na wa mashini za mazuti. Tisa vinasema 5 kwa milioni, kimoja kinasema 200. Katikati yake ni 24,5. Ofisini wataona ni vema, lakini pale penye 200 mwenzako ataumwa kichwa kwa masaa machache, wala hataona rangi wala kusikia harufu. Ulizo la kweli ni hili: « Kubwa kuliko zote ni ngapi, na iko wapi? »

Pili, tuulize: « Nani hajajibu? » Pengine betri imekwisha, ao jiwe limekivunja kipimo. Pengine kipimo chenyewe ni kizima, lakini jirani aliyepokea habari zake amekufa, na njia nzima nyuma yake imenyamaza. Mahali pasipojibu pahesabiwe kuwa pa hatari, mpaka mutu mwenye kipimo cha mukono apapime.

Tarehe 2 Januari 2006, mugodi wa Sago, West Virginia, Marekani, ulilipuka. Wachimbaji waliofungiwa ndani walipiga chuma kwa nyundo ili walio juu wasikie. Hakuna aliyewajibu. Watu 12 walikufa, mumoja tu wa wale waliofungiwa akaokoka. Mwaka ule ule sheria ya Marekani ilipa migodi ya makaa ya mawe miaka 3 kuweka njia ya kusemezana bila waya na ya kujua kila mutu yuko wapi. Sheria ilikuja nyuma ya maiti. Sisi tusingoje hivyo.

Tatu, jibu lisibaki ofisini. Pumzi ni ya yule aliye chini; yeye ndiye apate habari wa kwanza. Kapita, soma hesabu mbele ya kundi lako kabla ya kuingia, utaje pia vipimo visivyojibu.

Na wewe, ndugu, usitundike koti lako juu ya kipimo, usikiondoe mahali pake, usikifunike juu ya kelele yake. Ukiona kimevunjika, sema siku ile ile. Kipimo hicho kinabeba hata habari za wenzako walio mbali.

Uliza. Ngojea jibu. Usipojibiwa, usiingie.